Mkanda wa taimingi: Jinsi ya kuubadilisha nyumbani bila kuua injini

USIPOZIBA ufa, utajenga ukuta. Methali hii inawafaa sana wenye magari wa Embu na viunga vyake, ambao wengi hukumbuka kubadilisha oili na magurudumu lakini husahau mkanda mmoja wa mpira uliofichwa ubavuni mwa injini.

Mkanda huo, ambao mafundi huuita mkanda wa taimingi, hauonekani boneti inapofunguliwa kwa kuwa umefunikwa kwa vifuniko vya plastiki. Mara nyingi haulii, hautoi moshi wala haumwagi chochote. Hukatika siku moja bila kubisha hodi, na gari huzimika papo hapo.

Katika barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, kuzimika huko si jambo dogo. Barabara hiyo hupanda na kuteremka katika mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, ukiwemo mto Thuci ulio mpakani mwa kaunti za Embu na Tharaka-Nithi, na mto Nithi, ambao daraja lake linajulikana kote nchini kwa ajali mbaya.

Injini ikizimika gari likiwa linateremka, usukani unaosaidiwa na pampu huwa mzito ghafla. Breki nazo hubakiwa na msaada wa kukanyagwa mara chache tu, kisha dereva hulazimika kutumia nguvu nyingi za mguu ili gari lisimame.

Kando na hatari hiyo, kuna hasara ya pesa. Mkanda wenyewe ni kitu cha bei ya kadiri, lakini ukikatika katika injini fulani huharibu vali na pistoni, na mwenye gari hujikuta akitafuta injini nyingine. Kwa mtu anayetegemea gari lake kwa teksi au kupeleka mazao sokoni, hiyo ni riziki inayokatika pamoja na mkanda.

Kazi ya mkanda huu

Ndani ya injini mna mihimili miwili mikuu. Wa kwanza ni krenkishafti, ulio chini, ambao huzungushwa na pistoni na kupeleka nguvu kwenye giaboksi. Wa pili ni kemishafti, ulio juu, ambao hufungua na kufunga vali za kuingiza hewa na za kutolea moshi. Baadhi ya injini huwa na kemishafti mbili au hata nne.

Injini nyingi za magari hufanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa, kuigandamiza, kuchoma mafuta na kutoa moshi. Katika hatua hizo nne krenkishafti huzunguka mara mbili, ilhali kila vali hufunguka mara moja tu. Kwa hivyo kemishafti lazima izunguke mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili.

Mkanda wa taimingi ndio unaounganisha mihimili hiyo miwili. Una meno upande wa ndani yanayoshika meno ya puli ili usiteleze hata kidogo. Iwapo puli ya krenkishafti ina meno 20, basi ya kemishafti itakuwa na meno 40.

Gari likienda kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, krenkishafti huzunguka mara 50 kila sekunde. Safari ya saa mbili kwa mwendo huo, kama ile ya kutoka Embu hadi Nairobi, huzungusha krenkishafti mara 360,000 na kemishafti mara 180,000. Katika mizunguko hiyo yote mkanda hauruhusiwi kuruka jino hata moja.

Zamani kazi hii ilifanywa na cheni za chuma au gia. Gari la kwanza kuundwa kwa wingi likiwa na mkanda wa mpira lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani mnamo 1962. Kampuni nyingine zilifuata kwa sababu mkanda una sauti ndogo, ni mwepesi na hauhitaji oili. Mpira wake huimarishwa kwa nyuzi za kioo ili usivutike.

Lakini mpira ni mpira. Joto, vumbi na umri huuchosha hata kama gari halitembei sana.

Si kila gari lina mkanda

Jambo la kwanza ambalo mwenye gari anapaswa kujua ni iwapo injini yake ina mkanda au cheni. Wengi hutozwa pesa kwa kazi ambayo gari lao halihitaji, huku wengine wakidhani wana cheni kumbe wana mkanda uliozeeka.

Toyota Probox zinazoonekana zikibeba muguka kutoka Mbeere, pamoja na Vitz na magari mengine yenye injini ya 1NZ, hutumia cheni. Nissan Sunny aina ya B15 yenye injini ya QG15 pia ina cheni. Cheni hulainishwa kwa oili ya injini na hudumu muda mrefu ikiwa oili hubadilishwa kwa wakati.

Kwa upande mwingine, Toyota Corolla aina ya 100 na 110 zenye injini za 4A-FE na 5A-FE zina mkanda. Vivyo hivyo Carina na Premio za zamani zenye injini ya 7A-FE, pamoja na Subaru nyingi zenye injini za EJ.

Magari ya dizeli hayajaachwa nyuma. Toyota Hiace zenye injini za 2L, 3L na 5L, pamoja na Prado na Surf zenye injini ya 1KZ, zote hutegemea mkanda. Baadhi ya Toyota hizo za dizeli zina taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka gari linapotimiza kilomita 100,000 kumwarifu dereva kuwa wakati umefika.

Ikumbukwe kuwa taa hiyo huhesabu kilomita tu na haijui hali ya mkanda. Fundi anaweza kuizima bila kubadilisha chochote. Anayenunua gari kuukuu asiridhike kwa kuwa taa haiwaki.

Injini zinazogongana

Wataalamu hugawa injini katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, nafasi iliyopo juu ya pistoni inatosha vali iliyofunguka. Mkanda ukikatika, injini huzimika lakini hakuna kinachovunjika. Gari huvutwa hadi gereji, mkanda mpya hufungwa na safari huendelea. Corolla za 5A-FE na 4A-FE zimo katika kundi hili.

Katika kundi la pili, pistoni na vali hutumia nafasi moja kwa zamu. Mkanda ukikatika, vali zilizokuwa wazi husimama zilipo huku pistoni zikiendelea kupanda. Zinagongana. Vali hupinda, na wakati mwingine pistoni hutoboka au hedi hupasuka. Injini za dizeli pamoja na Subaru nyingi zimo humu.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua nani ajaribu kazi hii nyumbani. Mwenye Corolla 110 akikosea jino moja, gari litakosa nguvu na kutetemeka, naye ataweza kufungua na kurekebisha. Mwenye dizeli akikosea vivyo hivyo, huenda asipate nafasi ya pili.

Ubadilishwe lini?

Kwa Toyota na magari mengi ya Japani, kipimo kinachotumika sana ni kilomita 100,000. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, kwani injini nyingine huruhusu zaidi na nyingine chini ya hapo.

Tatizo la Kenya ni kwamba magari mengi huingia yakiwa yametumika. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Gari la umri huo huenda limekaribia kabisa kilomita za kubadilisha mkanda, na mara nyingine mwenyewe wa kwanza huliuza ili kuepuka gharama hiyo.

Aidha, mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma na walaghai. Kwa hivyo anayenunua gari lisilo na rekodi ya matengenezo anashauriwa auhesabu mkanda kuwa umekwisha na aweke mpya.

Mazingira pia huchangia. Katika maeneo ya chini kama Siakago, Kiritiri na Ishiara, kuna joto na vumbi jingi. Katika maeneo ya juu kama Manyatta na Kianjokoma, matope hurushwa chini ya injini. Vifuniko vya plastiki huwekwa ili kuzuia uchafu huo. Hata hivyo, mafundi wengine huvitupa au kuviacha bila bolti zote, na kijiwe kimoja kikiingia kati ya meno na puli kinatosha kuurusha mkanda.

Adui mwingine ni oili. Sili za krenkishafti na kemishafti zikianza kuvuja, oili hulowesha mpira na kuulainisha hadi meno yang'oke. Mkanda mpya ukifungwa juu ya sili inayovuja, ni kazi bure.

Vifaa vinavyohitajika

Anayetaka kufanya kazi hii nyumbani anahitaji eneo tambarare na gumu. Embu imejaa miteremko, na udongo wake mwekundu hulegea mvua inaponyesha. Jeki juu ya udongo kama huo ni hatari. Gari liwekwe juu ya saruji au vipande vya mbao ngumu, breki ya mkono ivutwe na mawe yawekwe kwenye magurudumu yaliyobaki chini.

Gari likishainuliwa, lazima likalie stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na matofali hupasuka bila onyo. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Vifaa vingine ni seti ya spana za soketi, spana ndefu ya kulegeza bolti ya krenkishafti, kifaa cha kuvutia puli, jeki ya pili, kipande cha ubao, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Rangi nyeupe au wino mweupe wa kufutia makosa hufaa kwa kuweka alama. Simu yenye kamera pia ni msaada mkubwa, kwa kuwa picha ya kila hatua huondoa ubishi wakati wa kurudisha.

Kuhusu vipuri, mkanda usinunuliwe kwa kutazama bei tu. Wengi huagiza kutoka maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, ambako bidhaa halisi na za bandia huweza kuuzwa jirani. Kenya ilipitisha sheria dhidi ya bidhaa ghushi mwaka 2008, lakini mnunuzi bado ndiye mlinzi wa kwanza wa injini yake. Inafaa apeleke nambari kamili ya injini, ahesabu meno ya mkanda mpya na kuyalinganisha na ya ule wa zamani, na aukatae mkanda uliokunjwa au wenye maandishi yanayofutika kwa kidole.

Pamoja na mkanda, roli inayoukaza, springi yake na sili za mbele hubadilishwa kwa wakati mmoja. Katika injini ambazo pampu ya maji huzungushwa na mkanda huu, kama Subaru za EJ na Toyota za 3S-FE, pampu nayo hubadilishwa. Beringi ya pampu ikikwama miezi sita baadaye, itaukata mkanda mpya. Katika Corolla 110 pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa nje, hivyo haimo katika kazi hii.

Hatua kwa hatua

Zifuatazo ni hatua za kazi katika Corolla yenye injini ya 5A-FE au 4A-FE. Injini iwe imepoa kabisa kabla ya kuanza.

Kwanza, waya wa negativu wa betri huondolewa. Gurudumu la mbele la kulia hutolewa gari likiwa juu ya stendi, pamoja na kinga ya plastiki iliyo nyuma yake. Mikanda ya nje inayozungusha altaneta, pampu ya usukani na kompresa ya hewa baridi hulegezwa na kutolewa.

Pili, plagi zote nne hutolewa ili injini izunguke kwa urahisi, na kifuniko cha juu cha hedi hufunguliwa. Uchafu usiangukie ndani.

Tatu, injini huzungushwa kwa spana kwenye bolti ya krenkishafti, kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, hadi alama ya puli ikutane na alama ya 0 kwenye kifuniko cha chini. Hapo pistoni ya silinda ya kwanza iko kileleni. Tundu dogo kwenye puli ya kemishafti lazima liwe sambamba na alama iliyo kwenye kofia ya beringi. Ikiwa haliko, injini huzungushwa tena mzunguko mmoja kamili.

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Asiyeziona alama hizo waziwazi asiendelee.

Nne, bolti ya krenkishafti hulegezwa na puli kuvutwa. Bolti hii huwa imekazwa mno. Wapo wanaoegemeza spana kwenye mwili wa gari kisha wakapiga stata ili iilegeze. Njia hiyo imevunja spana na inaweza kuvunja mkono. Ni salama zaidi puli ishikwe kwa kifaa chake maalumu. Baada ya kulegeza, alama hukaguliwa upya.

Tano, injini hushikiliwa kwa jeki ya pili iliyowekewa ubao chini ya chombo cha oili, kisha mkono unaoshikilia injini upande wa kulia hutolewa. Vifuniko vya plastiki hufuata, pamoja na kisahani kinachouelekeza mkanda.

Sita, kabla ya kuutoa mkanda, alama za rangi nyeupe huwekwa kwenye mkanda na kwenye puli zote mbili, na picha hupigwa. Bolti ya roli hulegezwa, roli husukumwa kando na kukazwa kwa muda, kisha mkanda hutolewa. Tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kuzungusha krenkishafti wala kemishafti.

Saba, sili zinazovuja hubadilishwa na puli hufutwa kwa kitambaa kikavu. Roli mpya huzungushwa kwa kidole. Ikikwaruza, irudishwe dukani. Mkanda mpya usipakwe oili wala grisi, na usikunjwe.

Nane, mkanda mpya huanzia kwenye puli ya krenkishafti, kisha ya kemishafti, huku upande usio na roli ukiwa umenyooka bila kulegea. Bolti ya roli hulegezwa ili springi iukaze mkanda yenyewe.

Tisa, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Kwa kuwa plagi hazimo, inapaswa kuzunguka kwa wepesi. Ikigoma mahali, mtu asilazimishe. Huenda kuna kitu kimekwama. Alama zote zikirudi mahali pake, bolti ya roli hukazwa kwa kipimo cha kitabu. Zikikosana hata kwa jino moja, mkanda hutolewa na kazi kurudiwa.

Mwisho, kila kitu hurudishwa kwa mpangilio uliotangulia, bolti ya krenkishafti ikikazwa kwa kipimo chake kamili. Bolti hii ikilegea safarini, hula kifunguo cha puli na kuharibu krenkishafti yenyewe.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni haraka. Kazi ambayo fundi mzoefu huimaliza kwa saa chache humchukua anayeanza siku nzima. Anayeianza saa tisa alasiri akitarajia kusafiri jioni anajitafutia balaa.

La pili ni kukaza kupita kiasi. Mkanda uliokazwa mno hulia kwa sauti nyembamba na kuua beringi. Uliolegea huruka meno. Springi iliwekwa na waunda gari kwa sababu hiyo, na haifai kusaidiwa kwa bisibisi.

La tatu ni kuwasha gari kabla ya kuzungusha injini kwa mkono. Stata haina huruma. Kosa ambalo mkono ungelihisi kwa upole, stata huligeuza kuwa vali zilizopinda.

Wakati wa kumwachia fundi

Mwenye Subaru yenye kemishafti nne anashauriwa asijaribu kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Katika injini hizo kemishafti za upande mmoja huwa zimesukumwa na springi za vali, na mkanda ukitoka zinaweza kuruka ghafla na kugonganisha vali. Mwenye Hiace au Prado ya dizeli naye afikirie mara mbili, kwa kuwa thamani ya injini ni kubwa kuliko akiba ya ujira wa fundi.

Hata kwa hao, kuijua kazi si bure. Mwenye gari anayejua hatua hizi anaweza kumwomba fundi wa jua kali amwonyeshe alama kabla ya vifuniko kurudishwa, adai aonyeshwe mkanda wa zamani, na ahakikishe roli na sili vimebadilishwa kama alivyolipia.

Kazi ikikamilika, tarehe na kilomita huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya boneti. Karatasi hiyo ndogo itamfaa mwenye gari baada ya miaka mitano, na itamfaa hata zaidi atakayelinunua gari hilo na kuliteremsha bonde la Nithi bila kujua ni lini mkanda wake uliguswa mara ya mwisho.